Kizibo cha chupa ya pombe

Somo letu la leo linahusu kizibo. Ni kitu kidogo, lakini kinaweza kumtoa mtu jicho.

Hapa Ihanja tunapika pombe ya mtama na uwele, na asali ikipatikana tunatengeneza pombe ya asali. Ikibaki tunaitia chupani, tunaziba kwa gunzi la mahindi. Asubuhi gunzi liko chini, povu limemwagika. Basi mtu anakasirika, analifunga gunzi kwa waya. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Mbona gunzi linaruka? Ndani ya pombe mna hamira. Hamira ni vijidudu hai, vidogo mno, macho hayavioni. Vinakula sukari ya kimea au ya asali, vinatoa kileo pamoja na hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Ndiyo yale mapovu. Mtungini hewa hiyo hujiendea zake. Katika chupa iliyozibwa haina njia, inajazana, inasukuma. Kisipotoka kizibo, hupasuka chupa.

Wafaransa wana mvinyo wa mapovu, shampeni. Zamani chupa zao zilipasuka ghalani, hata wafanyakazi wakavaa vinyago vya chuma. Mwaka 1844 Adolphe Jacquesson alisajili njia yake ya kukishika kizibo kwa waya. Lakini tuelewane: waya unashika kizibo tu, haupunguzi hewa. Anayebeba mzigo ni chupa yenyewe, nayo ni nene sana, maana msukumo wa ndani ni mara mbili au tatu ya ule wa gurudumu la gari dogo.

Chupa zetu je? Ile bapa ya pombe kali haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Usiifunge kwa waya hata kidogo. Iache pombe mtungini mpaka iive na povu litulie kabisa. Ya asali huchukua siku nyingi zaidi, usiiharakishe. Ukitaka kujua hali yake, tia kidogo katika chupa ya soda ya plastiki, kaza kifuniko, iweke pamoja na zile nyingine. Ibonyeze kila siku kwa kidole. Ikiwa ngumu kama jiwe, hewa imejaa. Na dumu la kubeba kwa baiskeli lisikazwe kifuniko, maana jua na mtikisiko huamsha hewa.

Ukikuta chupa imekwisha kazwa, usiiinamie. Ondoa watoto. Iache ipoe kivulini, ifunike kwa gunia lililolowa, elekeza mdomo mbali na watu, ulegeze polepole.

Jadilianeni nyumbani: kwa nini shampeni hufungwa waya bila chupa kupasuka, na chupa bapa ikifungwa hivyo hupasuka?