Unga Mweupe Barazani: Vidokezo kwa Mgeni wa Durban

Umepanga fleti inayotazama bahari, na ukuta wa baraza unatoa unga mweupe. Usimpigie fundi simu bado: huenda ni chokaa tu.

1. Ijue chokaa. Chokaa iliyozimwa ikijiunda yenyewe ardhini huitwa potlanditi. Ilitambuliwa mwaka 1933 huko Scawt Hill, Ireland ya Kaskazini, ikapewa jina la saruji ya Portland. Madini yamerithi jina la kiwandani! Nchini Afrika Kusini imeonekana kwenye migodi ya manganizi ya Kalahari, mbali sana na hapa.

2. Usiitafute ufukweni. Hewa huigeuza taratibu kuwa chokaa ya mawe, ndiyo maana ni adimu. Iliyo tele imejificha ukutani mwako: takriban robo ya saruji iliyoganda ni hiyo hiyo.

3. Tia tone la siki kwenye ule unga. Ukitoa mapovu, ni potlanditi iliyokwisha kugeuka: maji yameiyeyusha ndani ya zege, yakatoka nayo nje, hewa ikamaliza kazi. Pangusa kwa brashi kavu, kisha tafuta maji yanapoingilia. Kupaka rangi juu yake ni kutupa pesa.

4. Maji baridi huiyeyusha chokaa zaidi kuliko ya moto, kinyume cha sukari. Lita moja kwenye nyuzi 20 hubeba gramu 1.7 hivi; yakichemka, hata nusu yake haifiki.

5. Vaa glavu. Maji ya chokaa yana pH ya 12.4. Bibi yangu alipaka chokaa kwenye tambuu kwa ncha ya kidole tu, na akizidisha kidogo ulimi ulimwambia. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo, angalau dakika 15, ukimbilie hospitali. Siki hapo hapana!

6. Ukiona madoa ya kutu, sasa mwite fundi. Ukali huo wa chokaa ndio unaoilinda nondo, lakini chumvi ya Bahari ya Hindi hupenya zege na kuuvunja ulinzi huo. Mwambie apime chumvi hiyo, na pia apime chokaa kwa fenoftalini: zege lenye chokaa yake hugeuka waridi, lililoishiwa halibadiliki.

7. Jumapili panda kilima cha Bluff. Pale King's Rest waliishi watu walioitwa Wazanzibari, watumwa walioachiwa huru na kuanza kuletwa Durban mwaka 1873, wengi wao Wamakua. Miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth. Mwamba wa kilima chenyewe ni mchanga wa kale ulioshikanishwa na chokaa ya mawe. Kachupa kako ka siki usikaache nyumbani.