Karabai Kuukuu: Hewa Kwanza, Moto Baadaye

Katika maboma mengi, kuanzia Seme hadi Rusinga, kuna karabai iliyotupwa juu ya kabati au kuning'inizwa stoo. Imejaa vumbi, na kila mtu nyumbani anaamini imekufa. Mara nyingi haijafa. Tangi lake bado ni zima na kofia yake haijatoboka. Kilichoharibika ni vitu vidogo: ngozi ya pampu imekauka, mpira wa kifuniko umekuwa mgumu, utambi umepukutika, nozeli imezibwa na masizi. Vyote hivyo hubadilishwa au husafishwa kwa gharama ndogo na mikono yenye subira.

Makala haya ni ya yule anayeanza. Ukikumbuka jambo moja tu kati ya yote utakayosoma hapa, likumbuke hili: karabai ni chombo cha hewa kabla ya kuwa chombo cha moto. Usiiwashe mpaka uthibitishe kwamba inashika presha.

Taa yenyewe na ziwa letu

Mwangaza mweupe wa karabai hautoki kwenye mwali kama ule wa koroboi. Pampu husukuma hewa ndani ya tangi, hewa husukuma mafuta taa kupanda kwenye bomba lenye moto, mafuta hugeuka mvuke, na mvuke huo hutoka kwa kasi kwenye tundu dogo la nozeli, ukachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kifuko cha nyuzi tunachokiita utambi. Kifuko hicho ndicho kinachong'aa. Kilibuniwa na mkemia Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyekipatia hataza mwaka 1885. Mnamo 1910 hivi, Max Graetz wa Berlin akatoa taa ya Petromax, na umbo lake limeigwa duniani kote. Waingereza walikuwa na Tilley yao. Wachina nao walileta Anchor na Butterfly, zinazofanana sana na Petromax.

Kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, huko Kisumu, Siaya na Homa Bay, taa hizi zilipata kazi ambayo pengine hawakuiwaza waliozibuni. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Wavuvi huweka taa juu ya vyelezo, wadudu na viumbe vidogo vya majini hukusanyika kwenye mwanga, omena huwafuata, kisha wavu huzungushwa. Kwa miaka mingi, mstari wa taa ulioonekana usiku kutoka Uhanya, Luanda K'Otieno au Sori ulikuwa mstari wa karabai. Leo taa za LED na betri zimechukua nafasi kubwa. Mwaka 2008, kwa mfano, kampuni ya Osram ya Ujerumani ilianzisha kituo Mbita cha kuwakodisha wavuvi taa zilizochajiwa kwa jua. Ndiyo maana karabai nyingi sasa zimelala bila kazi, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kuanza: taa zipo, na mafundi waliozitengeneza maisha yao yote bado wako hai kwenye fuo.

Kuchagua ya kuanzia

Anza na ya nyumbani kwenu kama ipo. Kama haipo, uliza kwenye fuo za omena, au tembea soko la Kibuye, hasa Jumapili, upite kwa wauzaji wa vitu vya mitumba na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye vyuma chakavu huipima taa kwa kilo. Wewe ipime kwa macho na vidole.

Chukua sumaku ndogo. Isiponata kwenye tangi, tangi hilo ni la shaba na huenda likakuzidi umri. Ikinata, ni la chuma, na lazima uchunguze kutu ndani: fungua kifuniko, mulika kwa tochi ya simu. Vumbi jekundu linaweza kuoshwa. Magamba na vishimo ni hatari. Pitisha kidole kwenye maungio na chini ya tangi. Ufa, uvimbe au alama ya kuchomelewa inatosha kukufanya uiache. Tangi lililopasuka halifai kutengenezwa na anayeanza, na tangi lililowahi kubeba mafuta lisipelekwe kwenye moto wa kuchomelea, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Taa ya namna hiyo inunue kwa ajili ya vipuri tu.

Mwisho, zungusha kila kinachozunguka: gurudumu dogo la mkono, skrubu ya kutolea presha, kifuniko cha pampu. Vilivyoganda vitie mafuta ya kulegeza kutu na uviache usiku kucha. Usilazimishe kwa koleo; shaba ni laini, na uzi wa skrubu ukiliwa haurudi.

Kusafisha bila kuharibu

Fungua taa sehemu kwa sehemu juu ya gazeti, ukipiga picha kila hatua. Picha hizo ndizo zitakazokuonyesha njia ya kurudi.

Utambi wa zamani usiuguse kwa mkono mkavu wala kuupuliza. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa thoriamu, madini yenye mnururisho, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Uloweshe, ukusanye kwa karatasi, ufunge kwenye mfuko na uutupe, kisha unawe mikono.

Shaba tupu husafishika vizuri kwa ndimu na chumvi kidogo. Paka, sugua kwa kitambaa, suuza mara moja na ukaushe, kwa maana asidi ikikaa muda mrefu huila shaba. Kama tangi limepakwa nikeli au kromu, sabuni na maji ya vuguvugu yatosha. Mchanga, majivu na steelwool, tunavyovitumia kwenye sufuria, viache mbali. Vitakwangua ule mng'ao na hutaurudisha.

Ndani ya tangi, mimina mafuta taa kidogo, tia nati chache ndogo ulizozihesabu, tikisa, mwaga kupitia kitambaa, kisha rudia mpaka mafuta yatoke safi. Hesabu nati zilizotoka. Ikibaki moja ndani, itakusumbua siku zote.

Hewa kwanza

Hapa ndipo wengi wanaoanza huharakisha, na hapa ndipo taa hufufuka au hubaki chuma chakavu.

*Ngozi ya pampu.* Fungua kifuniko cha pampu na uchomoe mti wake. Mwishoni utaona kikombe kidogo cha ngozi. Kikiwa kikavu, hakigusi kuta za silinda na hewa hupita pembeni. Kiloweke usiku kucha kwenye mafuta ya cherehani, kisha kikande kwa vidole mpaka midomo yake ifunguke. Usitumie mafuta ya kupikia, hugeuka gundi. Unaporudisha, midomo ielekee ndani ya silinda, na uizungushe taratibu ili isijikunje. Kama ngozi imepasuka, fundi viatu yeyote mwenye ngozi laini ya ng'ombe anaweza kukukatia nyingine. Mpelekee ile kuukuu iwe kipimo.

*Vali ya chini ya pampu.* Kazi yake ni kuruhusu hewa iingie na kuizuia isirudi. Dalili yake iko wazi: ukipampu kisha ukaachia, mti wa pampu ukipanda wenyewe, vali inavuja. Ifungue, safisha uchafu, kagua springi na kile kipande kidogo cha mpira au koki kinachoziba. Kikiwa na alama ya shimo, kibadilishe.

*Mpira wa kifuniko.* Mpira mgumu wenye nyufa hauzibi. Nunua unaovumilia mafuta, kwani mpira wa kawaida uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli huvimba ukikutana na mafuta taa.

Sasa jaribu. Tangi likiwa tupu, funga kila kitu na upampu kiasi. Chukua brashi na povu zito la sabuni, upake kwenye kila ungio: kifuniko, geji, vali, mahali bomba linapoingia tangi. Povu likichemka, hapo panavuja. Rekebisha, jaribu tena. Kama geji inafanya kazi, iache taa kwa muda wa kula chakula cha mchana kisha usome tena. Sindano ikibaki pale pale, unaruhusiwa kuzungumza habari za moto.

Njia ya mvuke

Bomba la mvuke hujaa masizi baada ya miaka ya kazi. Likwangue kwa waya mwembamba, na kama limeziba kabisa, tafuta jipya. Tundu la nozeli lisipanuliwe kwa msumari wala pini nene. Tundu likipanuka, mafuta mengi mno hupita na taa haitawaka sawasawa tena. Karabai nyingi zina sindano ndani ambayo huchomoza kwenye tundu hilo unapozungusha gurudumu. Hakikisha inapanda na kushuka bila kukwama. Kagua pia kile kichwa cha udongo kinachofungiwa utambi, kwani ufa hapo hupeleka moto mahali usipotakiwa.

Kuwasha mara ya kwanza

Kazi hii ifanyie nje, mbali na nyasi, nguo zilizoanikwa na watoto. Weka ndoo ya mchanga karibu.

1. Jaza mafuta taa safi hadi robo tatu ya tangi, ukichuja kwa kitambaa. Nafasi iliyobaki ni ya hewa. Petroli usiitie kamwe, hata tone. Itageuza taa kuwa bomu. Mafuta usiyojua yalikotoka yakatae.
2. Funga utambi mpya kwenye kichwa cha udongo, mikunjo ikae sawa pande zote.
3. Kama taa ina gurudumu la kufungia mafuta, lifunge kisha upampu hadi alama nyekundu ya geji. Kama haina, acha skrubu ya kutolea presha wazi na usipampu bado.
4. Jaza spiriti kwenye kikombe chake na uiwashe. Moto huu hupasha bomba la mvuke na kuunguza utambi mpya uwe jivu. Usiwe na haraka. Taa iliyolala muda mrefu inaweza kuhitaji kikombe cha pili, lakini subiri moto uzime na kikombe kipoe kabla ya kuongeza.
5. Spiriti inapokaribia kwisha, fungua gurudumu polepole. Kwa taa isiyo nalo, funga skrubu na upampu taratibu. Utambi utashika na kuanza kunguruma.
6. Ukishang'aa vizuri, ongeza pampu hadi alama nyekundu, usivuke.

Miali ikitoka juu ya kofia au upande wa tangi, usiimwagie maji wala usiikimbize. Fungua skrubu ya kutolea presha. Hewa ikitoka, mafuta hayapandi tena na moto hufa. Zoeza mkono wako kuijua skrubu hiyo kabla ya kuwasha taa kwa mara ya kwanza.

Kuisoma taa

Moto wa njano wenye moshi maana yake bomba halikupata joto la kutosha. Zima, ipoe, anza upya na spiriti. Mwanga unaopwita unaonyesha presha ndogo, maji ndani ya mafuta, au masizi kwenye bomba. Mwanga unaofifia polepole huomba pampu. Utambi uliotoboka ubadilishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa tundu lake hutoa ndimi za moto zinazopasua chemni. Chemni hiyo nayo huogopa maji baridi ikiwa moto. Wavuvi wanajua jinsi tone moja la wimbi linavyoweza kuipasua.

Matumizi na hifadhi

Tangi la karabai kubwa ya aina ya Petromax hubeba lita moja hivi, na kwa mafuta hayo huwaka takriban saa nane. Tangu serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018, ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta, si mwanga wa bei rahisi tena. Iweke kwa usiku wa mvua umeme unapopotea, kwa mkesha, kwa mgeni aliyefika gizani. Isiwake kwenye chumba kilichofungwa wala usilale nayo. Hula hewa na kutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Mafuta yasikae kwenye chupa ya soda, mahali mtoto anapoweza kudhani ni kinywaji.

Ukimaliza, toa presha, acha ipoe, mwaga mafuta kama hutaitumia kwa miezi. Tia tone la mafuta kwenye ngozi ya pampu mara kwa mara. Kwa mvuvi anayeitumia bado, miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, ndiyo nafasi ya kuifungua na kuikagua yote.

Usifanye haya yote peke yako kama ufuoni kwenu yupo mzee aliyekuwa akizitengeneza. Mpelekee taa yako, mwamkie, mwombe akuonyeshe mkono wake, na umlipe kwa muda wake. Vipuri vitaendelea kupatikana madukani. Ujuzi wa kusikiliza ngurumo ya karabai na kujua kasoro iko wapi uko kwa watu wachache, na hakuna aliyeuandika. Nenda ukajifunze mwaka huu.