Lenzi za Macho: Namna ya Kuzichagua, Kuzivaa na Kuzitunza

Lenzi za macho, ambazo wengi huziita lensi, zimeingia katika mapambo ya maharusi na wapambe wao, na huuzwa pamoja na wanja na kope za bandia. Uuzaji wa namna hiyo umewafanya watu wengi wazihesabu kuwa urembo. Kitaalamu, lenzi ni kifaa tiba, hata ile ya rangi isiyosahihisha uoni kwa namna yoyote, na vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mkazi wa Masanze anayefikiria kuzivaa anahitaji kwanza kuelewa zinakaa wapi na zinafanya nini huko.

Mbele ya mboni kuna utando mwangavu uitwao konea, ambao watu huuita kioo cha jicho. Konea haina mishipa ya damu, kwa sababu damu ingezuia mwanga kupita. Oksijeni huipata kutoka hewani kupitia machozi. Lenzi huelea juu ya machozi hayo, kwa hiyo muda wote ikiwa jichoni hewa inayoifikia konea hupungua, na mkwaruzo mdogo wa ukucha au wa chembe ya vumbi huweza kuwa mlango wa vijidudu. Kidonda cha konea kinapopona mara nyingi huacha kovu jeupe. Kovu hilo likiwa mbele ya mboni, uoni hupungua kwa kiasi ambacho miwani ya kawaida haiwezi kurudisha.

Lenzi za kwanza kuvaliwa na watu, alizozitengeneza daktari Adolf Fick mwaka 1888, zilikuwa za kioo kizito na zilivumilika kwa saa chache tu. Mwaka 1961 mkemia wa Chekoslovakia, Otto Wichterle, alitengeneza lenzi laini kwa mashine aliyoiunda nyumbani kwake kwa kutumia vipande vya mchezo wa watoto wa kujenga. Lenzi laini hushika maji kama sifongo, na ndiyo maana haiumi jichoni. Lakini kilichomo ndani ya maji nacho hushikwa humohumo.

Kwa wakazi wanaochota maji kisimani, mtoni au hata bombani, hapo ndipo penye jambo kubwa. Katika maji na udongo huishi kimelea kidogo sana kiitwacho akantamiba. Mtu anayekunywa au kuoga maji hayo kwa kawaida hadhuriki nacho. Kikinaswa kati ya lenzi na konea, hula konea, huleta maumivu makali, na matibabu yake huchukua miezi. Kuchemsha maji hakuyafanyi yafae kwa lenzi, kwa kuwa maji matupu huibadilisha lenzi umbo na kuifanya ing'ang'anie jicho. Maji ya chumvi yaliyotengenezwa nyumbani hayafai, na mate hayafai kabisa. Lenzi hugusana na maji yake maalumu ya kusafishia tu, na huvuliwa kabla ya kuoga, kuogelea au kuvuka mto. Anayenunua lenzi bila kununua maji hayo amenunua nusu ya kifaa, na gharama hiyo hurudi kila chupa inapokwisha. Asiyeweza kuimudu mfululizo ni afadhali achague miwani, ambayo kwa maisha ya shambani inawafaa watu wengi zaidi na haidai usafi wa kiwango hicho.

Uchaguzi wa lenzi huanza kwa kupimwa, si kwa kutazama rangi. Mtaalamu wa optometria, taaluma inayosimamiwa nchini na Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, hupima uoni, mkunjo wa konea na wingi wa machozi. Kwenye pakiti, herufi BC huonyesha mkunjo wa lenzi na DIA upana wake, vyote kwa milimita. Lenzi iliyobana huinyima konea hewa, na iliyolegea hucheza na kukwaruza. Vipimo vya miwani havihamishwi moja kwa moja kwenda kwenye lenzi, kwa sababu miwani hukaa mbali kidogo na jicho. Pakiti isiyo na vipimo, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi isinunuliwe. Zipo lenzi za siku moja, zinazotupwa jioni, na zipo za mwezi mmoja. Za siku moja ni salama zaidi kwa anayevaa mara chache, mathalani siku ya harusi. Jozi moja kuzungushwa kutoka kwa bibi harusi hadi kwa wapambe, hata ikioshwa, ni kupokezana maradhi.

Wapo wanaozihitaji lenzi kwa tiba. Mtu ambaye konea yake imechongoka mfano wa pia huweza kuona vizuri kwa lenzi ngumu kuliko kwa miwani. Kwa upande mwingine, mtu aliyepita miaka 40 ambaye haoni tundu la sindano au maandishi ya simu kwa kawaida huhitaji miwani ya kusomea tu.

Siku ya kuvaa, mikono huoshwa kwa sabuni isiyo na manukato mengi, kisha hukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Aliyemenya vitunguu au kutwanga pilipili aahirishe. Sabuni peke yake haiondoi ukali huo haraka. Lenzi huwekwa kwenye ncha ya kidole na kutazamwa kwa ubavuni: ikiwa na umbo la bakuli iko sawa, ikitanuka kingo kama sahani imegeuka. Hutangulia lenzi, wanja hufuata. Jioni lenzi huvuliwa kabla ya kunawa uso. Wasiwasi kwamba lenzi inaweza kupotelea nyuma ya jicho hauna msingi, kwa kuwa ngozi laini ya ndani ya kope hujikunja na kufunga njia hiyo.

Lenzi haivaliwi wakati wa kupulizia viuatilifu, kukoboa mpunga au kupika kwenye moshi wa kuni. Haivaliwi na mwenye macho mekundu, ugonjwa uliosambaa nchini mwanzoni mwa mwaka 2024. Wala hailaliwi nayo: kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi ya konea kwa mara sita hadi nane.

Baada ya kuvuliwa, lenzi inayotumika tena husuguliwa taratibu kiganjani kwa maji yake maalumu, husuuzwa kwa maji hayohayo, kisha huwekwa ndani ya kikopo chenye maji mapya. Kuongezea mapya juu ya ya jana huyapunguzia nguvu ya kuua vijidudu. Asubuhi kikopo humwagwa, husuuzwa kwa maji hayo maalumu na kuachwa kifudifudi kikauke. Hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likichukia mwanga au likiona ukungu, lenzi ivuliwe mara moja na isirudishwe. Mgonjwa afike siku hiyohiyo kwenye zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo rufaa hufuata hadi Hospitali ya Wilaya mjini Kilosa, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro ikihitajika. Lenzi na kikopo chake avibebe, kwani vinaweza kupimwa ili kujua kijidudu kilichomo. Asitie jichoni majani yaliyopondwa, maziwa ya mama wala matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine. Katika utafiti wa wagonjwa 103 wa vidonda vya konea nchini, uliochapishwa mwaka 1994, robo ya vidonda hivyo vilihusishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Baadhi ya matone yanayouzwa dukani nayo huwa na dawa ya kutuliza wekundu ambayo huzidisha kidonda cha vimelea huku jicho likionekana kupata nafuu, kwa hiyo yatumike yale tu aliyoandika mtaalamu baada ya kulitazama jicho.