HADITHI NI YA NANI? Funzo kutoka jangwa la Australia



Siku hizi kuna sanaa ya kompyuta isiyotazamwi kama picha ya ukutani. Yenyewe inakuzunguka pande zote. Iko namna mbili. Ya kwanza ni miwani mikubwa inayofunika macho: ukigeuza kichwa, picha nayo inageuka, unaona ni kama uko mahali penyewe. Ya pili ni kuba. Hili ni jengo la duara mfano wa hema, na mashine humulika picha kwenye dari lote. Miwani huvaliwa na mtu mmoja mmoja, lakini chini ya kuba watu hutazama pamoja.

Mtu atasema, hayo ni ya mjini, sisi huku tunataka maji na barabara. Ni kweli. Lakini wenye kamera hufika hata vijijini, wakitaka ngoma zetu na maneno ya wazee wetu. Heri tujifunze mapema kwa waliotangulia.

WAZEE WALIOOMBA MSAADA

Katika majangwa ya Australia wanaishi Waanangu, Wangaanyatjarra na Wamartu. Elimu yao, kama vile mahali penye maji, chakula cha porini na sheria za jamaa, waliihifadhi katika nyimbo zinazofuata njia ardhini, kutoka kisima hadi kisima. Njia moja kubwa ni ya Dada Saba, waliofukuzwa na mwanamume mwenye tamaa na uchawi mpaka wakaruka mbinguni wakawa nyota. Nyota zenyewe ndizo sisi tunaziita Kilimia, jina linalotokana na kulima, kwa kuwa wazee walizitazama kujua majira.

Taabu ilikuwa hii: wenye kuzijua nyimbo walikuwa wanazeeka na kufa, na vijana walivutwa na mambo mengine. Mwaka 2010 wazee wa Waanangu waliwaambia wataalamu wa huko Canberra kwamba njia za nyimbo zimekatika-katika, wakaomba wasaidiwe kuziunganisha tena.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana mwaka 2017 katika Makumbusho ya Taifa ya Australia. Palikuwa na michoro, vyombo vya kusuka, na kuba la upana wa mita zipatazo 7. Ndani yake mtu aliona juu yake picha za kale za pango la Walinynga, na nyota zikisafiri angani. Baadaye maonyesho yalipelekwa Perth, kisha Plymouth, Berlin na Paris.

WALIFANYAJE?

1. Wenyewe ndio walioanza. Hawakuletewa mradi uliokwisha kupangwa ofisini. Wazee walikaa katika kamati iliyoamua hadithi isimuliwe vipi.

2. Walichagua cha kufichwa. Kwao kuna mambo ya wanaume peke yao, na mengine ya wanawake peke yao. Yaliyoonyeshwa ni yale tu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyaona.

3. Kumbukumbu zilirudi nyumbani. Waanangu wana hifadhi yao ya kompyuta, Ara Irititja, iliyoanzishwa mwaka 1994. Picha na sauti zao hupelekwa vijijini kwa kompyuta zilizokingwa dhidi ya vumbi na joto, ili wajukuu wazione palepale.

Hata hivyo tusidanganyike. Kuba halimfundishi mtoto wimbo. Mtoto hujifunza akitembea na bibi yake. Wazee wale walikuwa kati ya mambo mawili magumu: kunyamaza na kuzikwa na elimu yao, au kusema na kuhatarisha kuporwa. Walichagua kusema, lakini kwa masharti yao.

HAPA KWETU

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za utamaduni. Inataka mtu wa nje apate kwanza kibali cha jamii, wenyewe wakiwa wameelezwa kila kitu. Serikali za kaunti zina kazi ya kuandikisha ujuzi huo. Basi mgeni akija na kamera, tusikimbilie posho ya siku moja. Tuitishe baraza, akina mama na vijana wawepo, na makubaliano yaandikwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni elimu gani ya wazee wetu iko karibu kupotea? Nani bado anaijua?
2. Ni mambo gani hatutaki yaonyeshwe kwa yeyote?
3. Tukipigwa picha, nakala itakaa wapi, na nani atakuwa na ufunguo?
4. Mwezi huu, ni kijana gani tutamtuma akakae na mzee gani?

Swali la nne lisiachwe bila jibu. Katibu aandike majina yote mawili.