Somo la Bima: Lori la Zamani la Jeshi

Malori ya jeshi hayafi upesi. Wazee wetu waliokuwa madereva katika vita ya 1939 hata 1945, wale waliokwenda Uhabeshi na baadaye Burma, waliyajua sana: malori ya tani tatu, yenye turubali nyuma na injini yenye sauti nzito. Vita ilipokwisha majeshi yalikuwa na malori mengi kupita haja yao, nayo yakauzwa kwa raia. Mengi yalitumika mpaka yakaoza, lakini machache yamesalia, na katika Uingereza wako watu wanaoyanunua leo si kwa kubeba mizigo bali kwa kuyatunza yawe kumbukumbu. Lililo mashuhuri ni Bedford QL, lililotengenezwa na kampuni ya Vauxhall tangu 1941 hata 1945, ambalo magurudumu yake yote manne huvutwa na injini.

Mtu akinunua lori la namna hiyo, hataweza kulitoa nje ya lango pasipo bima. Twaeleza hapa jinsi aipatavyo, kwa kuwa shida zake zafundisha mambo ambayo kila mwenye gari hana budi kuyajua, hata kama gari lake ni pikapu ya kuchukulia kabeji sokoni.

Kwanza, sheria. Tangu sheria ya barabara ya 1930, Uingereza haimruhusu mtu kuendesha gari barabarani bila bima ya kuwalipa watu wengine watakaoumizwa na gari hilo. Uzee wa gari hausamehe. Kweli, magari mengi yaliyopita umri wa miaka 40 hayadaiwi kodi ya barabara, na tangu tarehe 20 Mei 2018 mengi yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Basi wako wanaodhani kwamba na bima pia imesamehewa. Sivyo hata kidogo. Lori la tani kadhaa lenye breki za 1943 huweza kumvunja mtu miguu sawasawa na lori jipya.

Tena sheria ina jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui. Kampuni ya bima haiwezi kumkatalia mtu aliyeumizwa kwa kusema kwamba gari lilikuwa bovu, au lilipakia watu kupita kiasi, au dereva alikuwa mzee mno. Yaipasa kumlipa majeruhi. Lakini ikiisha kulipa, yaweza kumgeukia mwenye lori na kumdai fedha zile zote. Hapo ndipo watu hupoteza nyumba zao.

Kwa sababu hiyo fomu ya maombi ndiyo kazi yenyewe. Makampuni mengi ya kawaida hayataki malori haya, maana maswali yao yametungwa kwa magari ya kila siku. Mwenye lori hutafuta kampuni inayoshughulika na magari ya zamani. Wengine hujiunga na chama cha wenye magari ya jeshi, kama Military Vehicle Trust, ambamo wenzao huwaonyesha njia. Ataulizwa lori lina uzito gani, lalala wapi, nani ataliendesha na kwa leseni gani, litakwenda maili ngapi kwa mwaka, na kama ana gari jingine la matumizi ya kila siku. Akisema litatembea kidogo, kwenda maonyesho na kurudi, malipo yake hupungua. Lakini ahadi hiyo itakuwa sharti juu yake. Ataulizwa pia kama lori limebadilishwa. Mtu aliyetoa injini ya petroli akatia ya dizeli, au aliyeongeza winchi, aseme.

Sheria ya 2012 yaeleza malipo ya asiyesema kweli. Akidanganya kwa kusudi, kampuni yaweza kuufuta mkataba wote, na kwa kawaida hairudishi hata fedha alizolipa. Akijibu kwa uzembe, hupunguziwa kwa hesabu. Tuseme kampuni ilimtoza paundi 200, na ingalijua kweli ingalimtoza 400. Lori likiteketea na hasara yake ni paundi 10,000, atapewa 5,000 tu, yaani nusu, kwa kuwa alilipa nusu.

Sasa thamani. Gari la kawaida likiharibika kabisa, kampuni hulipa bei yake ya sokoni siku ile. Lakini bei ya Bedford ya 1943 ni ipi? Huenda mtu alilinunua likiwa chuma kitupu chini ya mwembamba wa mabati, akakaa miaka kumi akitafuta vipuri na kulipiga rangi. Mtu wa kampuni ataliona kuwa lori kuukuu tu. Dawa yake ni kupatana thamani mapema, kabla ya ajali, nayo iandikwe katika hati ya bima. Mwenye lori apeleke picha za nje, za ndani na za injini, pamoja na stakabadhi za vipuri na makadirio ya mtu anayeyajua magari hayo. Mapatano hayo yapitiwe upya kila baada ya muda, maana bei hupanda.

La mwisho ni abiria, na kwa maoni yetu ndilo kubwa. Siku ya maonyesho watoto hupenda kupanda nyuma, na mwenye lori hupenda kuwapandisha. Katika Uingereza bima ya abiria ni lazima tangu tarehe 1 Desemba 1972. Hata hivyo, hati ya matumizi ya nafsi kwa kawaida haihusu kuchukua watu kwa malipo. Mtu akikodisha lori lake kwa arusi, au kwa wapiga filamu, bila kuiarifu kampuni, amekwisha kutoka katika mkataba wake.

Kwa Kenya, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, nayo yalazimisha bima kwa ajili ya watu wengine, lakini yatofautiana na ile ya Uingereza katika kiasi. Kule fidia ya mtu aliyeumizwa haina kikomo. Hapa kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, salio humwangukia mwenye gari mwenyewe, isipokuwa hati yake yasema vingine. Basi aisome hati kabla ya kuitia sahihi, na akiona kiasi hicho hakitoshi, amwulize wakala bei ya kukiongeza.