Ukungu wa Bafuni Usifike Ghalani

Ingia bafuni kwako uangalie ukuta. Je, una madoa meusi au ya kijani? Huo ni ukungu, yaani kuvu. Kuvu huota penye unyevu.

Hapa Mwankoko mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Miezi mingine ni mikavu. Kwa hiyo wengi tunasema, "Ukungu ni shida ya watu wa pwani." Sivyo. Bafu linamwagiwa maji kila siku, kiangazi na masika.

Sasa fikiri. Upande wa pili wa ukuta huo kuna nini? Kama umeegemeza magunia ya mahindi au karanga, kuna hatari. Maji hupenya tofali, gunia likalowa, nafaka ikaota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu. Kati yao 20 walifariki dunia.

Tufanye nini?

Bafuni:
1. Sakafu iwe na mteremko. Maji yatoke nje, yaingie shimoni mbali na msingi.
2. Acha dirisha wazi, hewa ipite.
3. Ziba bati linalovuja.
4. Funga kitambaa puani na mdomoni. Sugua ukungu kwa brashi na sabuni. Ukuta ukikauka, paka chokaa. Ukipaka chokaa juu ya unyevu, ukungu utarudi.

Ghalani:
1. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo.
2. Pima ukavu. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Anika tena.
3. Panga magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta.
4. Chambua punje zilizoota ukungu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi.

Mama mmoja atauliza, "Mahindi mabovu si nitapikia pombe tu?" Hapana, mama. Kupika hakumalizi sumukuvu. Kuosha nako hakutoshi. Usimpe kuku wala ng'ombe. Sumu ya ng'ombe hupita kwenye maziwa, na maziwa wanakunywa watoto. Fukia mahindi hayo.

Kutupa debe moja kunauma. Kumzika mtoto kunauma zaidi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Maji ya bafu lako yanakwenda wapi?
2. Magunia yako yanagusa ukuta gani?
3. Kwa nini chokaa peke yake haitoshi?