Sheria Isijipinge Yenyewe
Somo juu ya umri wa kuoa na kuolewa

Mkulima wa Msangano auzaye mpunga wake amjua vizuri mnunuzi mwenye vipimo viwili. Kuna debe la kununulia, nalo limetanuliwa matumbo. Kuna debe la kuuzia, nalo limebonyezwa chini. Kila debe, ukilitazama peke yake, ni debe tu. Udanganyifu waonekana pale tu unapoyaweka yote mawili bega kwa bega. Torati ilikataza jambo hilo zamani sana: mtu asiwe na mawe mawili ya mizani mfukoni, moja zito na moja jepesi.

Sheria za nchi nazo ni vipimo. Kila moja, ikisomwa peke yake, yaweza kuonekana njema. Lakini mwananchi haishi chini ya sheria moja tu. Aishi chini ya zote kwa pamoja, siku ile ile. Kwa hiyo yafaa mara kwa mara kuziweka bega kwa bega na kuuliza: Je, zapatana? Leo twataka kufanya hivyo katika jambo moja ambalo limewagawanya watu wetu kwa miaka mingi, yaani umri wa kuolewa.

I. Kupingana ni nini?

Yatupasa kwanza kuwa waangalifu, maana watu wengi husema "sheria hizi zapingana" kumbe zatofautiana tu. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba jambo moja haliwezi kuwa na kutokuwa kwa wakati ule ule na kwa namna ile ile. Maneno hayo ya mwisho, "kwa namna ile ile", ndiyo yenye uzito.

Katika Tanzania kijana aweza kupiga kura akiwa na miaka 18. Hawezi kugombea ubunge mpaka afikishe miaka 21, wala urais mpaka afikishe 40. Je, hapo sheria yajipinga? Hapana. Kuchagua ni jambo moja, kutawala ni jambo jingine, na kila jambo lina mzigo wake. Tofauti ya umri ina sababu yake, na sababu ya moja haiivunji sababu ya nyingine.

Basi tupate maswali matatu ya kupimia. La kwanza: Je, sheria hizi mbili zasema juu ya jambo lile lile? La pili: Sababu iliyotolewa katika sheria ya kwanza, je, yaibomoa sheria ya pili? La tatu: Je, yuko mtu anayeumia kwa sababu amesimama katikati ya hizo mbili? Majibu yakiwa ni ndiyo mara tatu, hapo hakuna tofauti tu, bali pana kujipinga.

II. Sheria zenyewe

Baada ya Uhuru nchi yetu ilikuwa na ndoa za namna nyingi: za kimila, za Kiislamu, za Kikristo, za Kihindu na za kiserikali, kila moja na kanuni zake. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuziweka chini ya sheria moja, nao ukajadiliwa kwa ukali. Matokeo yake ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ya Tanzania Bara. Tuiseme kwa haki: ilikuwa kazi kubwa. Ilitamka kwamba ndoa ni muungano wa hiari, kwamba pasipo ridhaa ya kweli ya kila upande hakuna ndoa, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa.

Lakini katika kifungu cha 13 iliandikwa kwamba mwanamume asioe kabla ya miaka 18, na mwanamke asiolewe kabla ya miaka 15. Tena mahakama yaweza kuwaruhusu hata wenye miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana asiyefikisha miaka 18 apate idhini ya baba yake, au ya mama ikiwa baba amefariki, au ya mlezi.

Miaka ikapita, na sheria nyingine zikaja. Mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana iliibadilisha Kanuni ya Adhabu, ikasema kwamba mwanamume akimwingilia msichana aliye chini ya miaka 18, awe amekubali au hakukubali, amebaka. Isipokuwa msichana huyo ni mke wake aliyefikisha miaka 15 na ambaye hawajatengana. Mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ilisema wazi: kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikamwekea kifungo cha miaka 30 yeyote atakayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari.

III. Tuziweke bega kwa bega

Tumfikirie msichana mmoja wa miaka 15 katika kijiji chochote cha bonde la Msangano. Hatumtaji mtu, twatoa mfano tu.

Akiwa darasani, mtu akimwoa, mtu huyo aenda gerezani miaka 30. Akiwa amemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani, mtu yule yule, kwa idhini ya baba, aweza kumwoa, na kifungu cha 13 chamkubalia. Kijana wa jirani akimwingilia pasipo ndoa, amebaka, hata kama msichana alisema ndiyo. Mbele ya Sheria ya Mtoto yeye ni mtoto. Mbele ya Sheria ya Ndoa aweza kuwa mke. Umri ni ule ule, mwili ni ule ule, akili ni ile ile. Kilichobadilika ni daftari lililofunguliwa.

Atatokea msomaji wa kutupinga, na hoja yake si ya kudharauliwa. Atasema: "Ndoa yabadilisha jambo lenyewe. Tendo lililo dhambi nje ya ndoa ni halali ndani yake. Basi sheria haijipingi."

Ni kweli kwamba ndoa yabadilisha. Lakini tuitazame sababu ya sheria ile ya mwaka 1998. Watu wazima wawili wasiooana wakilala pamoja, watenda dhambi, ila Kanuni ya Adhabu haiwaiti wabakaji. Kwa msichana wa miaka 15 yasema ni ubakaji, hata akikubali. Kwa nini? Kwa sababu yaiona ridhaa yake kuwa si ridhaa; hajakomaa kuitoa. Sasa, ikiwa hawezi kuridhia tendo la saa moja, awezaje kuridhia muungano wa maisha yote, ambao Sheria ya Ndoa yenyewe yasema ni wa hiari? Mwenye kushindwa kubeba debe hatwikwi gunia. Hapo sababu ya sheria moja yaibomoa nyingine.

Tena, Sheria ya Ndoa yaonyesha shaka ndani yake yenyewe. Kifungu cha 13 chasema aweza kuolewa. Kifungu cha 17 chasema hawezi kuamua peke yake. Wengine watajibu kwamba idhini ya mzazi ni ukuta wa kumlinda. Ndivyo inavyopasa kuwa, na wazazi wengi ni ukuta kweli. Lakini mahali ambapo mahari ni ng'ombe, na mwaka ni wa njaa, baba ni mlinzi wa binti na papo hapo ni mpokeaji wa mahari. Wazee wetu walijua kwamba mwenye kesi hawi mwamuzi. Hatusemi hivyo kwa kuwatukana wazazi. Twasema kwamba sheria nzuri haimweki mtu mwema katika jaribu hilo.

Na swali la tatu, la mtu anayeumia? Kanuni za shule za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi aliyefunga ndoa afukuzwe shule. Basi msichana aliyeozwa na wakubwa wake alipoteza masomo kwa kosa la kuolewa, naye hakuwa na nguvu ya kukataa.

IV. Mahakama zilivyoamua

Jambo hili lilifikishwa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17, kwa kadiri viruhusuvyo msichana aolewe kabla ya miaka 18, vyapingana na Katiba, hasa usawa mbele ya sheria. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu alikata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufani hiyo, ikiuthibitisha uamuzi wa kwanza. Mwaka mmoja ukapita tena. Oktoba 2020 ilifika vifungu vile vikiwa havijarekebishwa.

Majirani nao wameshughulikia jambo hili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 zaweka miaka 18 kwa wote wawili. Malawi ilirekebisha katiba yake mwaka 2017. Zambia, ambayo mtu wa Tunduma aiingia kwa kuvuka barabara tu, iliweka miaka 18 kwa ndoa zote, hata za kimila, mwaka 2023. Hatusemi tuwafuate kwa kuwa ni majirani. Twasema kwamba mila za pande mbili za mpaka ule ni za ndugu, na kuwalinda wasichana hakukuziua.

V. Kipimo kile kile kwetu sisi

Mwenye kudai uthabiti kwa wengine hana budi kuukubali ukimgusa yeye. Wako Wakristo wanaolizungumza jambo hili kana kwamba ni kosa la dini nyingine au la makabila fulani. Wajue basi kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1083, yaweka miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke kuwa mpaka wa chini wa uhalali wa ndoa. Kanuni hiyo hiyo yaruhusu Baraza la Maaskofu kuweka umri mkubwa zaidi. Nyingine yawaagiza wachungaji wawazuie vijana wasioane kabla ya umri wa desturi ya mahali. Na kanuni ya 97 yasema mtu mzima ni wa miaka 18. Kwa hiyo njia ya kupatanisha ipo. Lakini si haki kumnyoshea jirani kidole na kuficha kitabu chetu.

Na wanaodai miaka 18 nao wana deni. Ukisema msichana wa miaka 15 ni mtoto asiyeweza kuolewa, basi akipata mimba bado ni mtoto. Huwezi kumwita mtoto siku ya posa na mtu mzima siku ya kumfukuza shule. Kwa miaka mingi nchi yetu ilifanya hivyo, mpaka Novemba 2021 Serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurudi darasani. Vivyo hivyo kumkatalia baba asimwoze binti, huku shule ya sekondari iko mbali na bweni hakuna, ni kumfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine. Sheria inayosema "bado ni mtoto" yaidai nchi impe mtoto huyo mahali pa kuwa mtoto.

VI. Hitimisho

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotangazwa na mwenye kutunza jamii. Agizo la akili haliwezi kusema ndiyo na siyo kwa jambo moja. Sheria zikijipinga, mwenye nguvu huchagua ile imfaayo, na mnyonge huangukiwa na ile iliyobaki. Hiyo ndiyo hatari yake kubwa.

Katika mambo yanayogawanya watu, hatutapata siku ambayo wote wataridhika. Lakini twaweza kupata sheria ambazo kila mtu, hata asiyezipenda, aona kwamba zampima yeye na jirani yake kwa debe moja. Hilo ni jambo la haki, nalo haliwangoji wabunge tu. Laanza katika baraza la ukoo, siku wageni wanapokuja na barua ya posa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Toa mfano wa sheria mbili zinazotofautiana bila kupingana. Sababu ya kila moja ni nini?
2. Katika ukoo wetu, je, twatumia kipimo kimoja kwa mtoto wa kiume na wa kike katika shule, ndoa na urithi?
3. Binti yetu akisema "bado sijawa tayari", ni nani nyumbani mwenye nguvu ya kumsikiliza?